Pua Yangu na Nyumba ya Kasense

Fidelis, aliyepokea funguo na barakoa yangu ya kazi, alisimama kwenye hafla ya kuniaga akasema mbele ya watu, "Mama Pua, tuandikie hata kurasa chache. Wewe unayajua yote ya ghala hili, usiondoke nayo." Watu wakapiga makofi. Nikakata keki, nikapokea blanketi na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana mahali pa kuwahi, nikarudi nyumbani. Lakini hilo neno "yote" lilinikwama kama mwiba wa samaki.

Basi naandika. Nimekaa jikoni kwangu hapa Sumbawanga, blanketi liko magotini, na sina mpango wa kwenda popote. Mnaonijua mnajua sipendi kwenda popote. Nilikataa uhamisho mara tatu, mara ya mwisho kwa sababu kuku alikuwa ameatamia. Vyeo na mishahara sitavigusa, havikuwa vya kuandikia. Nitaandika nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na nilivyokuwa na uhakika, Jumamosi moja kule Kasense, mtoto wa mdogo wangu akafa na bibi kizee asiye na kosa akafukuzwa nyumbani kwake. Wengi wenu mmesikia vipande vya habari hiyo. Vingine nilivisambaza mimi mwenyewe, vile vinavyonipendelea.

Niliingia ghalani nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo mama yangu alizisoma mara moja, akakikunja, akakiweka chini ya godoro. Waliniajiri kushona. Maturubai ya kufukizia mahindi yalikuwa yanatoboka kila msimu, na mimi na sindano yangu ndefu tulikaa kwenye kona ya ghala tukiziba matundu. Ilikuwa mwezi wa saba. Upepo wa huku kwetu mnaujua. Nilishona nimevaa sweta mbili na kitenge juu, vidole vimekufa ganzi, nikiwaza kwamba wenzangu niliosoma nao walikuwa ofisini, wamefunga madirisha.

Mkuu wa wafukizaji alikuwa Mzee Gaspari. Mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu aliyoivua kanisani tu. Siku yangu ya kwanza alikuja akaniangalia nikishona, akashika turubai, akaliinua usawa wa jua.

"Binti, tundu hili umeliona?"

"Nimeliona, Mzee. Ni dogo sana. Nalirudia baadaye."

"Dogo kwa nani?"

Nikalishona. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na nililisahau.

Kwa wageni wa kazi hii nieleze kidogo. Mahindi yakiingia ghalani tunayapanga juu ya chaga za mbao, tunayafunika turubai mpaka chini, na kuzunguka pindo lote tunalaza mifuko mirefu ya mchanga ili hewa isitoke. Ndani tunaweka vidonge. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi, na gesi hiyo inaua wadudu wa mahindi, dumuzi na fukusi, hadi waliojificha katikati ya punje. Haichagui. Ikimpata mtu inamuua vilevile. Baada ya siku kadhaa tunafungua, tunaacha upepo upite, halafu tunapima kwa kibomba cha kioo chenye ungaunga ndani. Ungaunga ukibadilika rangi, hakuna mtu kuingia. Siku hizi mna mashine yenye namba. Kibomba kilikuwa hakina namba, lakini pia kilikuwa hakiishiwi chaji.

Gesi hiyo ina harufu, kama kitunguu saumu kilichooza kilichochanganywa na kabaidi. Mzee Gaspari alitufundisha tusiiamini pua. Alisema ukiisikia harufu umeshachelewa, na usipoisikia huenda pua imechoka tu. Tulimwitikia wote, "Ndiyo, Mzee." Kuitikia hakuna gharama.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila msimu, kabla malori ya kwanza hayajaanza kushusha, alitupanga nyuma ya mlango mkubwa wa ghala akiwa ameshika kipande cha mkaa. "Gunia lina debe sita," alisema. "Kazi hii wewe umejaa debe ngapi?" Kila mmoja alisema yake, naye akaiandika mlangoni, jina na debe.

Msimu wangu wa kwanza nilisema nusu debe, maana nilikuwa mshonaji tu. Msimu wa pili walikuwa wamenipandisha kwenye kikosi cha kufukiza, nimeshafunga marundo kama kumi na kufungua kumi. Nikasema tano. Msimu wa tatu nikasema, "Sita, Mzee, na nyingine imemwagika." Makuli waliokuwa wanasubiri malori walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee hakucheka. Akaandika sita. Halafu akaandika jina lake mwenyewe, na mbele yake akaandika mbili.

Tulidhani ni unyenyekevu wa kanisani. Mimi, nikiri tu, nilidhani zaidi ya hapo. Nilidhani mzee ameanza kuvuja.

Miaka mingi nimekaa na hizo namba za mlangoni nikizitafakari, na naona hivi. Msimu ule wa tatu nilikuwa najua mambo manne yanayoweza kuharibika: turubai kutoboka, mchanga kulala vibaya, vidonge kulowa, na mtu kuingia mapema. Nilikuwa nayafunga yote manne. Mzee Gaspari alikuwa anajua mambo arobaini, na kwa jitihada zake zote alikuwa anafunga thelathini na nane. Ukituweka pamoja ukatuuliza, mimi ndiye niliyemaliza kazi. Yeye bado ana mawili yanamsumbua. Sikuwa nadanganya niliposema sita. Gunia nililolijua mimi lilikuwa limejaa kweli. Sikujua tu kwamba ni kigunia.

Hilo jina la Mama Pua nalo lilizaliwa msimu huohuo. Kila tulipofungua rundo, kabla Mzee hajatoa kibomba, mimi nilisogea mlangoni, nikavuta hewa kwa madaha, nikatangaza, "Pako salama." Halafu Mzee anapima, na kibomba kinasema pako salama. Ilitokea hivyo mara ishirini, labda zaidi. Makuli wakanogewa.

"Pua, hebu tuambie, kwa meneja leo wamepika nini?"

"Maharage," nilisema. "Na yameungua."

"Na mimi je, nimeoga?"

"Wewe kaa upande wa kule wa upepo, kaka yangu."

Wakawa wananiita wanapobishana kama samaki ameharibika. Nilipenda, tusidanganyane. Mtoto wa kike aliyeingia kwa sindano, sasa wanaume wazima wanasimama kando nimalize kunusa. Mzee Gaspari siku moja aliniambia taratibu, "Mwanangu, acha mchezo huo." Nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, kibomba kimenipinga lini?" Akageuka akaenda zake. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Sasa Kasense.

Mdogo wangu Adelina alikuwa ameolewa huko na Remigi, mkulima mzuri, mtu wa maneno machache. Walikuwa na watoto wawili, Alfonsi wa miaka saba na Severina wa miaka minne. Nyuma ya nyumba yao, kwenye kijumba chake, aliishi Bibi Kostansia, shangazi yake Remigi, ambaye ndiye aliyemlea. Mwaka ule mahindi yalikubali kweli, na dumuzi nao walikubali. Ukiweka sikio kwenye gunia unawasikia wanavyotafuna. Magunia yote ya mwaka mzima, chakula chao na ada, yalikuwa yamepangwa kwenye chumba cha kati. Upande mmoja walilala watoto, upande mwingine wazazi.

Adelina alinifuata nyumbani. "Dada, Remigi amenunua vidonge sokoni, anataka kuviweka mwenyewe. Mimi naogopa. Njoo uweke wewe unayejua."

Mzee Gaspari alikuwa na sheria, nayo ilikuwa fupi: nyumba ya mtu siyo ghala. Hatukuruhusiwa. Lakini niliona kwamba sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama Remigi, siyo kwa ajili yangu. Alhamisi mchana nikaenda. Nikafanya kazi safi, hata leo nikiikumbuka naiona ilivyokuwa safi. Nikaweka vidonge, nikafunga mlango wa chumba cha kati, nikaziba nyufa zote kwa udongo na magazeti, dirisha vilevile. Nikawaambia watoto na wazazi wakalale kwa jirani. Kopo limeandikwa siku tatu, nikahesabu tatu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Jumamosi alasiri nikarudi kukagua. Sikuja na kibomba. Vibomba vilikaa kwenye kabati la Mzee, na kukiomba kungekuwa kumweleza nilikokwenda. Isitoshe, nilikuwa na pua. Adelina alikuwa amefungua milango na madirisha tangu asubuhi ili aniandalie nyumba, upepo unapita ndani kama uwanjani. Chumba cha kati kilikuwa bado kimefungwa, tulipanga kukifungua Jumatatu kwa starehe. Nikasimama chumba cha watoto, nikavuta hewa. Nikasimama chumba cha wazazi, nikavuta hewa.

"Vipi, Dada?" Adelina aliuliza. "Jirani ametuvumilia siku mbili, lakini kama bado niambie. Nitamwomba tena."

"Mmenisikia nikipiga chafya?"

"Hapana."

"Basi pako salama. Laleni kwenu."

"Kabisa?"

"Adelina, mimi nafanya kazi hii kila siku. Kabisa."

Nataka mjue kilichokuwa kichwani mwangu, maana hakikuwa kikubwa. Nyumbani nilikuwa nimeacha maharage jikoni, na baridi ilikuwa imeanza kushuka. Nilitaka kuwahi. Bibi Kostansia alinipungia mkono kutoka kwenye kijumba chake, alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Alinikaribisha. Nikamwambia siku nyingine, Bibi.

Jumapili asubuhi nikiwa najiandaa kwenda misa ya kwanza, mjumbe akafika. Severina alikuwa amefariki. Alianza kutapika alfajiri, akalalamika tumbo na kifua, na walipopata baiskeli ya kumpeleka zahanati alikuwa hapumui tena. Alfonsi aliumwa kichwa tu.

Nilifika Kasense nikakuta nyumba imejaa. Na swali lilikuwa limeshaanza kuulizwa, kwa sauti ya chini, kama linavyoulizwa. Mtoto mzima, jana alikuwa anacheza. Alikula nini? Alikula uji wa Bibi Kostansia. Na Alfonsi? Alfonsi alikataa uji, hapendi ulezi. Aliyekula amekufa, asiyekula amepona. Watu walitazamana.

Mwanamke mmoja, jirani, akasema, "Jamani, na ile dawa ya mahindi?"

Wote wakanigeukia. Dakika hiyo ndiyo ninayowaandikia, mengine yote ni maelezo. Nilisema, "Siyo dawa. Niliikagua mwenyewe jana, na chumba bado kimefungwa. Mimi ndiyo kazi yangu."

Sikuwa nasema uongo wala sikuwa najikinga. Ningekuwa najikinga, ningekuwa najua ninachojikinga nacho. Nilitafuta kichwani mwangu yale mambo yangu manne, nikakuta yote yamefungwa, nikawajibu kwa moyo mweupe kabisa. Na baada ya mtaalamu kusema siyo dawa, ilibaki nini? Ulibaki uji.

Wanaume saba wa ukoo walikwenda kwenye kile kijumba siku hiyohiyo, Remigi akiwa mbele. Hawakumpiga. Walimwambia afunge mzigo aondoke kabla mtoto hajazikwa, aende kwa mwanawe. Wakang'oa mlango wa kijumba wakauegemeza ukutani, ili aelewe. Bibi alikuwa na binti Wampembe, chini kule ziwani. Nilimwona akipita na furushi kichwani. Hakuniangalia. Nilikaa na wanawake, nimemshika Adelina, na namna ninavyokumbuka, nilimwonea yule bibi hasira.

Tukamzika Severina Jumatatu.

Jumanne Mzee Gaspari alikuja msibani kwa baiskeli, na ile kofia yake. Alitoa pole, akakaa, akanywa chai. Halafu akamwomba Remigi amwonyeshe chumba alicholala mtoto. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniita nyuma ya nyumba, tukasimama karibu na rundo la mabua.

"Vidonge uliweka wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukutani juu uliangalia?"

"Juu wapi?"

"Kuta za vyumba hazijafika kwenye bati. Pana uwazi wa mkono mzima pale juu. Mlango umeuziba vizuri sana, nimeona. Gesi imepita juu yake, na usiku walipofunga madirisha ikajaa."

Ghalani hatuna kuta za vyumba. Tuna turubai. Nilijua turubai kuliko mtu yeyote wa umri wangu, na nilikuwa nimeingia nyumba ile miaka yote bila kuinua macho.

Nikang'ang'ana bado. "Lakini siku tatu zilipita, Mzee. Na Alfonsi je? Walilala chumba kimoja."

"Nani alilala upande wa dirisha?"

"Alfonsi."

"Dirisha lina kioo kimepasuka, pana tundu la ngumi. Alikuwa anapumua upepo wa nje. Yule mwingine alikuwa mdogo, mwili wake hauhimili kama wa wazazi, na alilala ukutani, upande wa magunia." Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. "Na siku tatu ni za kopo. Kopo limeandikwa na watu wa joto. Huku kwetu mwezi wa saba hewa ni kavu na baridi, vidonge vinafanya kazi polepole. Siku ya tatu vilikuwa ndiyo vinachanganya."

"Mbona ghalani tunafungua siku ya tatu na pako salama? Mara ishirini, Mzee! Nimenusa mwenyewe!"

Aliikunja kofia mikononi.

"Ghalani ubao wa tarehe naandika mimi," alisema. "Miezi ya baridi naandika tarehe ya kufunga ya uongo. Naisogeza mbele siku tatu, wakati mwingine nne, na kwa wingi wa marundo hamkumbuki lipi lilifungwa lini. Vijana mna haraka, ningewaambia mngebishana. Nyinyi mlikuwa mnafungua siku ya sita mkidhani ni ya tatu."

Nilishika mabua.

"Kwa hiyo pua yangu..."

"Pua yako ilikuwa inanusa ghala lililokwisha kuwa salama. Hata kikombe kingelinusa." Halafu akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema. "Kosa langu na mimi lipo hapa. Nilikulinda kimyakimya mpaka ukadhani ni wewe."

Fidelis, ndiyo maana ubao wa ghala letu una mistari miwili, tarehe ya kufunga ya kweli na siku za kuongeza kwa ajili ya baridi, na sababu yake imeandikwa kwa maneno. Umeniuliza mara mbili kwa nini tusiandike tarehe moja tu. Ukimlinda mtu, mwonyeshe mahali ulipomshika. Vinginevyo anahesabu kwamba amesimama mwenyewe, na siku atakayokwenda peke yake atakwenda kwa kujiamini. Na anayefunga rundo asiwe yeye anayetamka kwamba pako salama. Sheria hiyo mnailalamikia kwamba inachelewesha kazi. Ndiyo, inachelewesha. Ndiyo kazi yake.

Nilirudi uani. Niliomba watu wanyamaze. Nikasema ni dawa, nikasema ilipitia wapi, nikasema kwamba uji haukuwa na kitu na Bibi Kostansia hana kosa, kosa ni langu. Nilitegemea kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Remigi alitazama juu ya ukuta, kule kwenye uwazi, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha.

Adelina alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliniuliza jambo moja.

"Ulinusa kweli, au ulijifanya?"

"Nilinusa kweli."

"Haya," alisema. Akajifunga khanga, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajaniita Dada. Tunasalimiana, tumezikana, tumepokeana wageni, na ananiita kwa jina langu la ubatizo, kwa adabu sana, kama karani.

Polisi walikuja wakaandika. Nilihojiwa, nikaandikisha maelezo. Ofisini walinisimamisha, kisha wakanirudisha kwenye sindano na uzi, kona ileile. Msimu uliofuata Mzee Gaspari aliponifikia na mkaa nilishindwa kusema namba yoyote. Akapita kwa mwenzangu. Vijana wapya wawili waliokuwa na mwezi mmoja kazini walisema nne na tano. Niliwatazama usoni. Walikuwa na nyuso nzuri, za kweli, hawana hila. Nilikaa nao miaka, na mmoja alikuja kuwa mfukizaji hodari. Alipokuwa hodari alikuwa anasema moja na nusu, na wageni wanamcheka.

Jambo moja lilibaki, nalo ni Bibi.

Mimi na Remigi tulikwenda Wampembe wiki ya tatu baada ya maziko. Kwangu mimi kufika mjini Namanyere tu ni safari, na hapo ndipo tulipopandia, juu ya magunia ya lori, kushuka milima ile hadi masikio yanaziba. Remigi alikuwa ameshaurudisha mlango wa kile kijumba, ameweka bawaba mpya, amesiliba ukuta. Aliniambia hivyo tulipoanza kuliona ziwa.

Tulimkuta Bibi Kostansia nje kwa binti yake, amekaa chini kwenye mchanga, anageuza dagaa juani. Kule ni joto, alikuwa amevaa khanga nyepesi, mikono yake imekonda.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba. Mmekuja wawili tu? Wale walikuwa saba."

Remigi alipiga magoti mchangani. "Shangazi, tumekukosea. Haukuwa uji. Ilikuwa dawa ya mahindi. Huyu shemeji amesema mbele ya watu wote, na ukoo umekubali. Nyumba yako nimeitengeneza. Nimekuja kukuchukua."

Bibi aliendelea kugeuza dagaa. Alimaliza safu moja, akasogea kidogo, akaanza nyingine.

"Mna uhakika kwamba siyo mimi?"

"Tuna uhakika, Shangazi."

"Kabisa?"

"Kabisa," Remigi alisema.

Akainua macho, akanitazama mimi, kisha yeye. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Siku ile pia ulisema kabisa, Remigi. Nilikuwa ndani nafunga mzigo, nikakusikia. Na huyu alisema kabisa kabla yako." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Nimekulea, najua huna roho mbaya. Lakini mtoto mwingine akiumwa tumbo pale Kasense, nani atakuwa na uhakika, na wa nini? Mimi ni mzee. Sitaki kulala najiuliza hilo."

Remigi alilia. Nilibaki nimesimama, mikono haina pa kwenda.

Alitupikia ugali, akatupa dagaa wabichi wa siku ile, akauliza Adelina analala vipi na Alfonsi anakula nini siku hizi. Akatufungia dagaa wakavu wa kumpelekea. Halafu akatuambia tuwahi, lori la kupanda halimsubiri mtu, na akatusindikiza mpaka kwenye miti ya mwisho. Pale akasimama.

Tukapanda lori tukiwa wawili.